Jani la Vidole Saba

Nchi ya Haidhuru haimo kwenye ramani, na wenyewe wanasema kosa ni la ramani. Ni nchi ya raha. Ina Rais mmoja, mawaziri sitini na mmoja, na Wizara ya Kusubiri, ambayo jengo lake bado halijakamilika. Watu wake ni wapole mno. Hata mvua ikinyesha hupiga makofi, maana haijulikani ni mkubwa gani aliyeileta.

Zamani kidogo nchi hiyo ilisumbuliwa na bangi. Ikapandwa, ikauzwa, ikavutwa, mpaka wabunge wakaijadili siku tisa mfululizo, tena kwa ujuzi wa kushangaza. Mmoja alieleza tofauti ya ile ya bondeni na ile ya mlimani. Mwenzake akasimama kumsahihisha. Rais alikuwa akiwasikiliza redioni huku anakunywa uji. Akaweka kikombe chini akauliza, "Hawa wamejulia wapi?"

Swali hilo ndilo lililozaa Sheria Namba Saba: mtu yeyote atakayeitambua bangi kwa kuiona, kuinusa au kuitaja atahesabiwa kuwa ni mzoefu wake, na atafungwa miaka saba.

Hakuna sheria iliyopata kufanya kazi kama hiyo. Tangu ipitishwe, haikuonekana bangi hata punje nchi nzima. Polisi wakikuta lori limejaa magunia, wanaandika "majani, huenda ya chai," wanalisindikiza hadi mjini ili lisicheleweshe wanywaji. Mbwa mmoja wa polisi, jina lake Kapteni, alinusa gunia akabweka. Alikamatwa palepale, akaulizwa harufu ile kaijulia wapi. Kwa kuwa hakujibu, hakimu aliona anawaficha wenzake, akamwongezea mwaka. Mkemia Mkuu wa Serikali naye alisoma alama za nyakati. Akatoa mizani yote kwenye maabara, akafuga kuku humo.

Basi kila mtu akawa salama, isipokuwa Bi. Siwema Kondo, msuka mikeka wa wilaya ya Nyambulo, ambaye hata ugoro hakupata kuutia puani.

*

Yalianza na sherehe za miaka hamsini ya Uhuru. Amri ilitoka kwamba kila wilaya isuke mkeka wenye picha ya zao lake kuu, na mkeka utakaoshinda utatandikwa chini ya miguu ya Rais siku atakapolihutubia taifa. Wilaya za karafuu zikafurahi. Za pamba zikafurahi. Nyambulo wakatazamana.

Kwenye taarifa za serikali, zao kuu la Nyambulo liliitwa "mengineyo." Mengineyo hayo yalikuwa na baraka. Yalijenga nyumba za bati, yakanunua pikipiki, yakasomesha watoto hadi chuo kikuu, na mwaka ule yaliongezeka kwa asilimia arobaini. Mwenye kuuliza mengineyo ni yapi hakuwepo.

Katibu tarafa alimletea Bi. Siwema barua, akabaki amesimama kizingitini.

"Shikamoo, Bi. Siwema. Wilaya imekuteua. Usuke zao letu kuu."

"Marahaba. Zao gani?"

"Lile."

"Lile lipi, mwanangu?"

"Bi. Siwema, mimi nina watoto wanne. Wewe suka unachokiona." Akapanda baiskeli yake akaondoka, tena mlima aliupanda bila kushuka.

Bi. Siwema akaketi mlangoni akatazama. Kuanzia ukingo wa baraza lake hadi kule milima inapokutana na mawingu, kitu kilikuwa kimoja tu: kijani, kirefu, chenye majani ya vidole saba, kila kidole na meno yake. Kilikuwa kimezunguka shule na kisima. Mbele ya kituo cha polisi kilipandwa mistari miwili, kikamwagiliwa na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Yeye si mtu wa kubishana na macho yake. Akasuka jani.

Ukindu ulikuwa wa taabu, kwa kuwa mikindu yote ilikwisha katwa kupisha mengineyo. Aliupata kidogo kwa shemeji yake, akausuka kili za kutosha, zile kanda nyembamba zinazoungwa kuwa mkeka, na uzi wa kuziunga akautoa mlemle kwenye mmea wenyewe. Aliyaloweka mashina kijitoni siku tano, akayaponda kwa mchi, akavuta nyuzi ndefu nyeupe ambazo ukizikaza, kidole hukatika kwanza. Majani aliyachemsha akapata rangi. Baada ya miezi kumi na mmoja jani lilikuwa limekaa katikati ya mkeka, limetanuka, lina uhai kiasi kwamba mbuzi wa jirani aliingia ukumbini, akalilamba, akatoka amekasirika.

Bi. Siwema mwenyewe alilipenda. Alisimama akalitazama, akajisemea kwa sauti kwamba hajapata kusuka kitu kizuri kama kile, na wala hakuona haya kujisifu.

Lililobaki lilikuwa jina.

Watu wa Nyambulo wana desturi yao. Mkeka husukwa, lakini hautiwi taraza, ule mshono wa kufunga kingo, mpaka ukili wa mwisho uwe umesukwa jina la mkeka wenyewe. Na jina ni lile la kitu kilichomo, halibuniwi. Nyumbani kwa Bi. Siwema palikuwa na mikeka ya bibi yake na ya mama yake: mmoja unaitwa Mwaka wa Nzige, mwingine Daraja Halikujengwa. Wake wa kwanza aliuita Mume Kaenda Kuoga, na mume huyo mwaka wa ishirini na mbili sasa hajamaliza kujisugua. Mama yake alimwachia neno moja tu la urithi: "Mdomo ukishikwa na njaa ya kudanganya, uache ule. Mkono usidanganye."

Mkeka usio na jina wala taraza una kazi moja, ni wa kuoshea maiti. Mtu mzima na afya yake akiukanyaga, hashuki mpaka jina la mkeka litajwe na taraza itiwe. Akishuka kabla, anaiacha roho yake juu ya mkeka na kwenda nyumbani na mwili mtupu. Watu wa Haidhuru hawaamini taarifa ya habari, lakini hili wanaliamini wote, kuanzia mchunga ng'ombe hadi profesa.

Sasa tazama mwenyewe. Bi. Siwema akisuka jina la kweli, ni miaka saba. Akisuka la uongo, mkono wake utakuwa wa kwanza kudanganya katika vizazi vitatu. Alikaa na sindano siku tatu, chai inapoa mbele yake, na moyo ukimwambia mambo mawili kwa zamu.

*

Siku ya nne ilikuja Kamati ya Wilaya, watu kumi na mmoja, wakiongozwa na Mkuu wa Wilaya, Bwana Litunu. Waliuzunguka mkeka mikono nyuma.

"Hili," Bwana Litunu alisema kwa tahadhari kubwa, "ni jani."

Katibu akaandika: jani.

"La nini?" aliuliza mjumbe mmoja aliyeingia kazini juzi. Wenzake wakamtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua hali yake.

Bwana Kilimo alijitolea. "Naona kisamvu."

"Kisamvu chenye meno?"

"Kisamvu kilichokasirika."

Bwana Afya alikohoa. "Mimi naona mkono wa mtu anamwomba Mungu."

"Mkono wa vidole saba?"

"Anaomba sana."

Wakajadiliana saa nne, wakala wali wa nyama, wakapitisha azimio kwamba picha iliyomo ni mmea wa kijani wenye uzalendo. Kisha Bwana Litunu akaona kingo zilizo wazi, na uso wake ukabadilika. Naye ni mtu wa hukuhuku.

"Bi. Siwema, mbona hujatia taraza? Jina lake nani?"

"Jina lake mnalijua."

"Hatulijui!" walipaza wote kumi na mmoja, kwa sauti moja, mpaka kuku wakakimbia.

Mkeka ukachukuliwa hivyohivyo ukapelekwa makao makuu. Bi. Siwema akaufuata kwa basi, sindano ameichomeka kwenye kilemba, maana hajapata kuuacha mkeka uende safari haujafungwa kingo. Huko ulishindana na mikeka ya wilaya arobaini. Wa karafuu ulikuwa mzuri na wa pamba ulikuwa mzuri, lakini waamuzi walipofika kwenye lile jani walisimama, na mmoja wao akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Alipogundua kwamba ametabasamu aliomba likizo ya ugonjwa. Nyambulo wakashinda.

*

Waziri wa Furaha na Utamaduni, Mheshimiwa Ngwale, alimwita Bi. Siwema ofisini, akamkalisha kwenye kochi lililomeza nusu yake.

"Mama, nchi inakutegemea. Tia jina, tia taraza, twende zetu. Mimi nimekuandalia." Akafungua faili. "Umoja Wetu Ngao Yetu. Huonaje?"

"Zuri."

"Basi?"

"Zuri, ila si lake."

"Maendeleo Yasiyokoma. Shukrani kwa Baba. Haya, na hili ameliandika mke wangu: Ua la Matumaini."

"Mwanangu, majina yote hayo mazuri. Yatafutie mikeka yake."

Waziri akafunga faili, akamwita Inspekta Kiberenge amkamate huyu mama kwa kosa la kusuka bangi, ila hakulisema hivyo. Alisema, "Inspekta, mkamate kwa lile kosa." Inspekta akamnyang'anya bibi wa watu sindano, akamketisha mbele ya meza, akafungua daftari.

"Jina?"

"Siwema Kondo."

"Unashtakiwa kwamba ulisuka." Inspekta akasita. "Ulisuka nini?"

"Mkeka si huo hapo? Wewe unaona nini?"

"Mimi sioni kitu."

"Basi andika nimesuka kitu usichokiona."

Inspekta akaandika, akasoma alichoandika, akakichana. Akaanza tena: mshtakiwa alisuka mmea ambao askari huyu haujui, na kwa kutoujua kwake akatambua mara moja kwamba ndio. Akakichana na hicho. Alipofika karatasi ya tisa jasho lilikuwa linamtiririka kwenye daftari. Akamrudishia Bi. Siwema sindano yake, akamwomba amsalimie kila mtu nyumbani.

Waziri Ngwale akaamua kufunika kombe mwanaharamu apite. Alizikunja kingo za mkeka kwa ndani akazibana kwa pini za ofisi. Rais amesoma ng'ambo, alisema, mambo ya taraza atayajulia wapi?

*

Siku ya Uhuru uwanja ulijaa pomoni. Bi. Siwema alipewa kiti nyuma ya kwaya, asionekane. Rais alifika akavua viatu, ili ionekane kwamba yeye ni mtu wa watu, akapanda juu ya mkeka na kusimama katikati ya jani.

"Ndugu wananchi," alianza. "Ai!"

Wananchi wakapiga makofi. Lakini lile "ai" halikuwamo katika hotuba. Pini ilikuwa imemwingia Rais kidole gumba. Akainama kuichomoa, ukingo ukafunguka, na Rais akabaki ameinama hivyohivyo, kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa mkuu wa nchi. Ng'ambo alisoma kweli. Ila mama yake mzazi alikuwa msuka mikeka.

"Huu hauna taraza," alisema, na vipaza sauti vikalipeleka neno hilo hadi sokoni. "Hauna jina. Nani kanitandikia mkeka wa maiti?"

Mawaziri wakaanza kutazama walikoegesha magari. Rais aliinua mguu wa kulia, akautazama ulipo hewani, akaurudisha palepale. Hakuthubutu kushuka. Bendi ikapiga wimbo wa taifa kujaza nafasi, ikaupiga mara sita. Daktari akaja akampima presha akiwa amejinyoosha kutoka pembeni, bila kugusa hata uzi mmoja. Ofisa mmoja alipendekeza mkeka ukatwe kuzunguka miguu, Rais aondoke na vipande viwili kama makubadhi. Rais alimtazama, na ofisa huyo sasa ni balozi mahali penye baridi kali.

"Aliyeusuka yuko wapi?"

Bi. Siwema akaletwa mbele. Mawaziri wakaona hapo ndipo pa kuonyesha utii, wakaanza kurusha majina.

"Kisamvu!"

"Silo," alisema Bi. Siwema.

"Umoja!"

"Silo."

"Mkono wa Anayeomba!"

"Silo, baba."

"Mama, si ulitaje wewe?" Rais alilia.

Waziri wa Sheria akajisogeza, akanong'ona kwa adabu. "Mheshimiwa, akilitaja ni miaka saba. Na sisi tukilisikia tukalielewa, ni saba kila mmoja. Uwanja una watu elfu thelathini, na gereza la mjini lina vitanda mia mbili, sitini vina kuku wa Mkemia Mkuu waliokosa nafasi maabara."

Jua lilikuwa utosini. Rais, mtu mzima mwenye kitambi chake, alikuwa amesimama kama mtoto aliyekatazwa kusogea, na hofu yake haikuwa ya kuigiza. Bi. Siwema akamwonea huruma, huruma ya kweli, ile ya mama. Neno lolote lingetosha. Angesema "mchicha," Rais angeshuka, mawaziri wangempa kanga na nauli, na yeye angelala kwake. Ulimi wake ulikwisha kulikunja hilo neno. Lakini mkono ulioshika sindano ulikuwa mzito, umekataa.

"Mama," Rais alisema kwa sauti ya chini, "sema lolote tu nishuke."

"Nikisema lolote utashuka, mwanangu. Ila mkeka utajua, na wewe utajua. Utakwenda kulala na nani?"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningetazama chini, nikasema ninachokiona."

Rais akatazama chini. Jani lilikuwa limetanda baina ya miguu yake, vidole saba, meno yote, kijani kilichopikwa kwenye sufuria la kijijini. Akatazama mawaziri wake, wote sitini na mmoja walikuwa wanaangalia mawingu. Akafunga macho.

"Bangi," alisema.

Kipaza sauti kikakwaruza. Rais akafungua macho, na kwa kuwa la kwanza lilikwisha toka, yaliyobaki yalimtoka kwa kishindo. "Bangi, jamani! Ni bangi! Mama, shona upesi! Nani asiyeijua bangi nchi hii?"

Inspekta Kiberenge akainama kukagua vifungo vya shati lake. Watu elfu thelathini wakaanza kuhesabu saba mara moja, saba mara mbili. Kisha mzee mmoja kule juu akaanza kupiga makofi kwa mazoea, na mazoea yakamaliza kazi.

Bi. Siwema akapiga magoti. Akausuka ukili wa jina, herufi tano, akauunga, kisha akaanza taraza, pembe kwa pembe. Ilichukua saa tatu. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa Rais hakuondoka. Alikuwa ameketi chini, miguu kaikunja, anamshikia uzi. Moyo wa Bi. Siwema ulijaa furaha mpaka akaimba kidogo. Alipokata uzi kwa meno, Rais alishuka, akajipapasa, akakuta yupo mzima.

*

Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi nene: RAIS AGUNDUA MMEA. Mwanasheria Mkuu alifafanua kwamba Sheria Namba Saba inamhusu anayetambua; anayegundua ni mtu mwingine kabisa. Chuo kikuu kikampa Rais shahada ya mimea. Wakulima wa Nyambulo waliambiwa kwamba mmea huo upo tangu Jumamosi, na waanze kuutafuta.

Jumatatu Inspekta Kiberenge alibisha hodi kwa Bi. Siwema akiwa na hati safi, isiyo na neno lililofutwa. Safari hii aliweza kuandika kila kitu. Mshtakiwa, kwa mikono yake na kwa makusudi, aliujua mmea zaidi ya miezi kumi na mmoja kabla ya Rais kuugundua. Kosa: kumtangulia Rais kujua.

Kesi ilichukua dakika kumi.

"Una la kusema?" aliuliza hakimu.

"Nilitazama nje, mheshimiwa."

"Ndilo kosa lenyewe," alisema hakimu, akampa miaka saba.

Gerezani Bi. Siwema hakulia. Alikasirika, na akikasirika mikono yake hutaka kazi. Akaomba ukindu, akapewa, kwani hakuna kanuni inayoukataza. Akaketi uani, akaanza kusuka. Wiki ya kwanza askari walipita bila kutazama. Wiki ya pili mmoja alitazama, akaona kwenye mkeka kofia ya askari, na chini ya kofia masikio, tena masikio anayoyafahamu. Akakimbia kumwita mkuu.

Mkuu wa gereza alikuja mwenyewe, akavua kofia yake, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama. Chakula kinafika? Sukari kwenye chai inatosha?"

"Marahaba. Inatosha."

"Nimesikia unasuka. Mama, mkeka huu." Akayagusa masikio yake. "Utauitaje?"

Bi. Siwema akavuta uzi, akamtazama usoni kwa makini, kama fundi anavyomtazama mteja.

"Jina huja mwisho, mwanangu. Hebu geuka kidogo, niione pua."

Saa nne asubuhi ya siku ya pili, Bi. Siwema alikuwa nje ya lango, mkeka kwapani, na mkononi ana barua yenye mihuri mitatu ikithibitisha kwamba hakuwahi kuwamo.